Je, Kazi ya Kuokota si Sanaa?



Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nipate kusema neno juu ya maonyesho ya kazi za mikono yaliyofanyika shuleni muhula uliopita. Ninyi wanafunzi mwayajua yaliyotokea, lakini wenzetu wa zamani walio mbali, Lusaka, Kitwe na Lubumbashi, hawajui. Tuzo ya kwanza ya sanaa alipewa kijana aliyechora kifaru kwa penseli, akiiga picha iliyomo katika kitabu. Kazi nyingine, ndege furukombe aliyeundwa kwa kandambili zilizokuwa vyelezo vya nyavu, spoki za baiskeli na bati la kopo la mafuta ya msaada, haikupewa hata alama moja. Mwamuzi mmoja, ambaye ni mwungwana na sina ugomvi naye, alisimama mbele ya ndege huyo akasema, "Hii ni takataka iliyookotwa. Sanaa ni kutengeneza, si kuokota."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi si mwalimu wa sanaa. Kazi yangu ni kulehemu vyuma hapa Kashikishi, na katika siku saba, siku sita mikono yangu imo katika vitu vilivyotupwa na wenyewe. Huenda basi nikadhaniwa kuwa najitetea. Haidhuru. Nataka tuyapime maneno ya mwamuzi kwa kazi mbili zinazojulikana duniani, na moja katika hizo ni kifaru yuleyule aliyeigwa na kijana wetu.

Kifaru huyo alichorwa mwaka 1515 na Albrecht Dürer, Mjerumani wa mji wa Nuremberg, mwana wa sonara. Ni zama zile ambazo watu wa Ulaya huziita zama za Kuzaliwa Upya, kwa kuwa walikuwa wakifufua elimu ya Wayunani na Warumi wa kale. Mchoro wenyewe ni wa kalamu na wino, si mkubwa, upana wake kama sentimita 42, na umehifadhiwa London katika jumba la makumbusho liitwalo British Museum. Kutokana na mchoro huo Dürer alitoa chapa ya mbao, nayo ikauzwa kwa maelfu. Picha mnazoziona vitabuni kwa kawaida ni za ile chapa.

Habari za mnyama mwenyewe zastahili kusimuliwa. Sultani Muzaffar wa Gujarat, Bara Hindi, alimpa Afonso de Albuquerque, mtawala wa Wareno huko, zawadi ya kifaru hai. Albuquerque akaona afadhali ampelekee bwana wake, Mfalme Manuel wa Ureno. Mnyama akapakiwa merikebuni mwanzoni mwa mwaka 1515, akavuka bahari yetu hii ya Hindi, merikebu ikatua kidogo Msumbiji, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 20 Mei akashushwa Lisbon. Tangu enzi za Warumi hapakuwa na mtu wa Ulaya aliyeona kifaru hai nchini mwake. Mfalme akamshindanisha na tembo, na tembo akakimbia. Wareno walimwita Ganda, neno walilolipata huko Bara Hindi. Sisi wenye Kiswahili tukilisikia jina hilo hatuna budi kutabasamu, maana ganda kwetu ni kile kifunikacho kitu cha ndani, na mtaona kwamba Dürer alichora ganda zaidi kuliko mnyama.

Dürer hakumwona. Hakufika Lisbon. Alichokuwa nacho ni barua yenye maelezo, pamoja na mchoro wa mtu mwingine, vyote vilivyoletwa Nuremberg kutoka Ureno. Hayo ndiyo aliyoyaokota. Kisha, palipokuwa na pengo, akalijaza kwa vitu vya mji wake. Nuremberg ulikuwa mji wa wafua deraya za askari, na tazameni ngozi ya kifaru wake: ni mabamba yaliyoungana, yenye kingo, kana kwamba yamepigwa ribiti. Miguu ina magamba kama ya samaki au mjusi. Juu ya bega kuna pembe ndogo ya pili, iliyosokotwa, ambayo kifaru wa Bara Hindi hana. Hata tarehe ya chapa ile ina kosa: imeandikwa 1513, na mnyama alifika 1515.

Sisemi haya kumdharau. Kinyume chake, ndiyo yanayonifanya nimpende. Kwa muda wa miaka 200 na zaidi vitabu vya Ulaya viliendelea kumwiga kifaru huyo kana kwamba ndiye kifaru wa kweli, pembe ya begani na yote. Kwa nini? Kwa sababu ameunganishwa vizuri. Kila bamba lakaa mahali pake, uzito wote wateremka miguuni, na jicho lile dogo lakutazama. Fundi wa chuma akiitazama kazi hiyo aielewa mara moja: mtu huyu alipewa vipande visivyolingana, akavilehemu kwa wino mpaka maungio hayaonekani.

Na hapa niseme jambo dogo la lugha. Gari la vita la chuma lilipofika katika nchi zetu, Waswahili waliliita kifaru. Sidhani kwamba aliyeanza kuliita hivyo alikuwa amepata kuona chapa ya Dürer, lakini walikutana njiani: Mjerumani alimtazama mnyama akaona deraya, Mswahili aliitazama deraya akaona mnyama.

Kijana wetu naye hajamwona kifaru. Hapa Zambia faru weusi walitangazwa mwaka 1998 kuwa wametoweka, ndipo kuanzia mwaka 2003 wakarudishwa wachache katika Hifadhi ya Luangwa Kaskazini. Yeye basi ameiga picha ya mnyama asiyemwona, iliyochorwa na mtu asiyemwona. Mkono wake ni mzuri, kivuli chini ya tumbo amekiweka vizuri sana, nami sitaki anyang'anywe tuzo. Lakini tusiseme kwamba yeye alitengeneza na mwenzake aliokota.

Kazi ya pili imo katika jumba hilohilo la London. Ni kiti cha enzi kilichoundwa mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato wa Msumbiji, ambaye hujulikana zaidi kwa jina la Kester. Chote ni vipande vya bunduki. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na mwaka 1977 vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo havikuisha mpaka mkataba wa amani wa mwaka 1992. Watu kama milioni moja walikufa. Silaha zikabaki, nyingine zimefukiwa mashambani, nyingine zimefichwa darini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kubadilishana: mtu alete bunduki, apewe jembe, au baiskeli, au cherehani. Bunduki zilizokusanywa ziliharibiwa zisiweze kupiga tena, na sehemu ya vyuma hivyo wakapewa wasanii.

Mwaka 2010 aliyekuwa mkuu wa jumba lile, Neil MacGregor, alisimulia katika redio ya BBC historia ya dunia kwa vitu 100. Chapa ya kifaru ilikuwa kitu cha 75, na kiti cha bunduki kitu cha 98. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuviweka katika orodha moja, ingawa sikumbuki kama kuna aliyevipima kwa mizani ya mtu wa kulehemu.

Nimekitazama kiti hicho katika picha tu, kama Dürer na kifaru wake. Mgongo wake ni bunduki mbili za Kireno aina ya G3, zimesimamishwa vitako juu. Mikono ni AK-47 za Kirusi. Pa kukalia pana vyuma kutoka Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa bunduki ya Korea ya Kaskazini. Hapana hata bunduki moja iliyoundwa Afrika. Na angalieni kwamba Wareno wamewekwa nyuma, mgongoni, kwa kuwa ndio waliotangulia. Hao hata huku si wageni: mwaka 1798 msafara wao ulitoka Tete ukaja mpaka kwa Mwata Kazembe, jirani yetu hapa kusini, na kiongozi wao, Lacerda, akafia huko.

Juu kabisa, katika vitako vya zile G3, kuna matundu ya skrubu na ufa wa kupitishia mkanda. Ukitazama waona macho na mdomo, nyuso mbili, nazo kama zinatabasamu. Kester hakuzichonga. Zilikuwamo tangu kiwandani, na askari waliozibeba bunduki hizo miaka mingi labda hawakuziona. Yeye aliziona, akaamua zisimame mahali pa kichwa cha mfalme. Ningependa kumwuliza mwamuzi wetu: kitendo hicho ni kuokota au ni kutengeneza?

Wasiopata kushika chuma hudhani kazi ya namna hii ni rahisi, kwamba vitu viko tayari na fundi huvibandika tu. Mambo sivyo. Mwenye kalamu akitaka mguu mrefu huuchora mrefu. Wino hauna ubishi, nao kabla ya kutoka chupani haukuwa kitu cho chote. Mtutu wa bunduki una urefu wake. Ukiukata sana hautambulikani tena kuwa ni mtutu, na usipoukata hauwi mguu wa kiti. Lazima utafute mwingine, uupime, uurudishe, utafute tena. Na zaidi ya urefu, una habari zake. Umekwisha fanya kazi nyingine kabla ya kufika kwako, tena kazi mbaya, na wewe huwezi kuifuta. Wajibu wako ni kuiacha ionekane na wakati huohuo kuifanya iseme neno jingine. Kiti ni mahali pa kupumzika, na nani atakaa juu ya hicho?

Katika jambo hili naona Kester amempita Dürer. Kifaru anaweza kuwa na uwongo begani na bado akapendeza. Kiti hakiwezi. Laiti bunduki zile zingekuwa za mbao, zimechongwa vizuri na kupakwa rangi, tungekuwa na kiti cha mchezo wa kuigiza, basi. Nguvu yake yote ni kwamba kile chuma ndicho chenyewe.

Lakini kuna mambo ambayo Dürer amempita Kester, nami nitayasema ili nisionekane wakili wa upande mmoja. Chapa yake ya mbao ilisafiri. Mtu maskini wa Ulaya aliweza kuinunua akaitundika ukutani, na leo kijana wa Nchelenge aweza kuiiga kwa penseli ya bei ndogo. Kiti cha Kester ni kimoja. Walikizungusha Uingereza, shuleni, makanisani, hata gerezani, lakini huku hakijafika na sidhani kitafika. Tena, kuchora ndiko kunakofundisha jicho. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kulehemu huwaambia kwanza wachore kitu kwa chaki sakafuni, na asiyeweza kuchora maungio hulehemu vibaya. Nina hakika kijana wa furukombe naye anajua kuchora, maana mabawa yake yamekaa sawasawa, na mabawa ndiyo yanayowashinda wengi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lanisumbua sana hapa kwetu kuliko ambavyo lingenisumbua mahali pengine.

Yule Ganda hakuishi muda mrefu Ulaya. Mwezi wa Desemba 1515 Mfalme Manuel alimpakia tena merikebuni awe zawadi kwa Baba Mtakatifu Leo wa 10. Mwanzoni mwa mwaka 1516 dhoruba ikaipiga merikebu karibu na pwani ya Italia. Kifaru alikuwa amefungwa minyororo asiweze kuogelea, akazama. Basi sisi wa Mweru tunaye kifaru wetu aliyezama. Mwezi wa Desemba 2000, vita vya Kongo vilipofika Pweto, mahali mto Luvua unapotoka katika ziwa letu, jeshi la serikali lilikuwa likikimbia, na kivuko kikazama na kifaru cha vita juu yake. Magari yaliyobaki ng'ambo yakachomwa moto. Maelfu ya askari na raia wakavuka kuingia Zambia. Wasomaji walio wakubwa wanaukumbuka mwaka huo bila kusimuliwa na mimi. Wadogo wanakumbuka mwaka 2017, jamaa zao walipokuja kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokewa Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 wakaanza kupelekwa Mantapala.

Kwa ajili hiyo ukurasa huu wa Kiswahili unao wasomaji ambao walifika hapa na kile walichoweza kubeba, na vitu vyao vya nyumbani tangu hapo ni vya kuokota au vya kupewa. Kopo la mafuta ya msaada lina herufi zake ubavuni. Kijana yule hakuzifuta; aliliweka bati lile kifuani mwa ndege, herufi zikionekana, na furukombe ndiye ndege aliye katika bendera ya Zambia. Sijui kama alikusudia ninavyofikiri. Sikumwuliza, na nadhani si haki kumwuliza msanii wa miaka 15 maswali ambayo Dürer hakuulizwa. Lakini mbele ya kifua kile, neno "takataka" halina maana moja kwa kila asikiaye.

Najua hoja ya upande wa pili. Wataniambia: ukifungua mlango huo, mwakani kila mvivu ataleta rundo la makopo na kusema ni sanaa. Ni kweli. Nimekwisha kuona marundo ya namna hiyo, tena mengine yamesifiwa sana mjini, na mimi nisingeyapa hata nafasi ya kuegemea ukuta wa karakana yangu. Uvivu huonekana. Katika rundo la mvivu waweza kuondoa kopo moja ukaweka jingine na hapana kitakachobadilika. Ondoa G3 moja katika kiti cha Kester uone. Lakini mvivu wa penseli naye yupo, aliyeweka karatasi nyembamba juu ya picha akafuata mistari, na hatujasema kwa sababu yake kwamba kuchora si sanaa.

Kuna onyo moja la lazima. Asitokee mtu akaenda ng'ambo kutafuta maganda ya risasi au vyuma vya vita kwa kuwa amesoma habari za Msumbiji. Bunduki za kiti kile zilikwisha kuharibiwa na watu wenye ujuzi kabla msanii hajazigusa. Kitu cha vita kilicholala majanini hakijui kwamba vita vimekwisha. Ufuko wetu una vitu vya kutosha: vyelezo vilivyokatika, waya, madumu, mbao za mitumbwi iliyooza, kandambili zisizo na pacha. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa, wavuvi hutengeneza nyavu zao ufukoni, na hutupa vingi ambavyo hawavihitaji. Waombeni kwanza, maana wengine huonekana wametupa kumbe wameanika.

Nimeiandikia kamati ya maonyesho nikitoa shauri, nami nalirudia hapa ili wengine walitie mkono au walipinge. Kazi za vitu vya kuokota zipokewe na kupewa alama kama nyingine. Kila kazi ya namna hiyo iwe na karatasi ndogo chini yake ikisema kila kipande kilitoka wapi na kilikuwa kikifanya kazi gani. Na kila mchoro wa kuiga uwe na karatasi yake pia, ikimtaja mchoraji wa kwanza, mwaka wake, na kama mwigaji amepata kukiona kwa macho kitu alichokichora. Bati na karatasi za kuandikia nitazitoa mimi. Waamuzi wawe watatu, na mmoja wao awe fundi, awe wa mbao, wa nyavu au wa chuma, mradi asiwe mimi, kwa kuwa nimekwisha kusema niko upande gani.